Buluu kwenye korido ndefu

Simama barazani kwenye nyumba ya Kiswahili pale Ngamiani, Tanga, saa saba mchana, kisha vuka kizingiti. Kwa sekunde kadhaa huoni kitu. Jua la nje limekujaza macho, na mbele yako kuna korido, ukumbi kama wazee wanavyouita, upana wake mita moja na nusu, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, na mwanga kidogo unaochungulia kutoka uani. Dirisha hakuna. Hapo ndipo buluu nyingi zinapofia. Rangi iliyokuwa samawati safi kwenye kadi ya dukani inageuka kijivu cha majivu ya jiko. Mwenye nyumba anamlaumu fundi, fundi analaumu rangi, na kumbe kosa lilitendeka mapema zaidi: buluu ilichaguliwa kwenye mwanga wa dukani, ikapelekwa mahali ambapo mwanga huo haufiki.

Krimu husamehe. Ukiipaka kwenye korido ya giza itabaki krimu iliyofifia, na hakuna atakayeuliza. Buluu haisamehi giza, haisamehi unyevu, haisamehi mkono wa haraka. Lakini ikikaa vizuri, hakuna rangi inayoipa nyumba ya Tanga utulivu kama ule, hasa miezi ya kaskazi joto linapobana. Kwa hiyo kazi yake inastahili siku chache za ziada kabla brashi haijaguswa.

Siku hizo zianze na majaribio. Usipake ukutani moja kwa moja, kwa sababu rangi ya zamani iliyozunguka itakudanganya, na kile kiraka cha majaribio kitaonekana hata baada ya kupakiwa juu. Chukua karatasi nene za manila, au vipande vya silingibodi vya sentimita 60 kwa 60, upake kila buluu mara mbili, uache vikauke usiku kucha. Kisha vibandike sehemu tatu: hatua mbili kutoka mlango wa mbele, katikati kabisa ya korido, na karibu na mlango wa uani. Vitazame saa mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa mbili usiku taa ikiwa imewashwa. Pale katikati ndipo penye uamuzi. Buluu inayopendeza mlangoni tu, iache. Mara nyingi inayoshinda ni ile ambayo dukani ilionekana kali kidogo au yenye ukijani kidogo wa maji ya bahari, kwa kuwa giza huila nguvu ya rangi, na buluu yenye ukijivu ndani yake haina cha kubakiza.

Kuna ushauri unaozunguka sana, kwamba vyumba vinavyotazama kaskazini ni baridi na visipakwe buluu. Huo umeandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini. Korido yenye mlango wa kaskazini inapata mwanga wake mzuri wakati wa kusi, mwezi wa sita na wa saba. Ya mlango wa kusini inaupata Desemba. Ya mlango wa mashariki inang'aa asubuhi kisha inazimika, na hiyo inahitaji buluu nyepesi zaidi ya zote, maana kuanzia adhuhuri watu wanaishi humo kwa mwanga wa uani peke yake. Kama unaweza, fanya majaribio mwezi ambao korido yako ina giza zaidi. Ukifanya mwezi wa neema utajuta nusu mwaka.

Taa nayo ni rangi. Soma namba yenye herufi K kwenye boksi la balbu, inayoonyesha rangi ya mwanga wake. Ya 2700 au 3000 inatoa mwanga wa njano, na njano juu ya samawati inazaa ukijani mchafu, huku buluu iliyokolea ikikaribia kuwa nyeusi. Ya 6500 ndiyo nyeupe kali iliyojaa madukani. Inaitoa buluu vizuri, ila ngozi za watu zinaonekana za wagonjwa, na korido inakuwa kama ya zahanati. Tafuta ya 4000. Na balbu moja katikati ya mita tisa haitoshi. Weka tatu za wati 7, moja kila baada ya mita tatu hivi, mwanga utapita sawasawa juu ya ukuta wote badala ya kuacha duara jeupe katikati na vivuli pembeni.

Kitu kingine kinachosahaulika ni sakafu. Nyumba nyingi za zamani zina sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa niru na kung'arishwa kwa miaka. Piga magoti asubuhi, mlango wa mbele ukiwa wazi, utazame sentimita 40 za chini za ukuta mweupe: una uwekundu. Jua linagonga sakafu na kurudi ukutani likiwa limebeba rangi yake. Ukipaka samawati hafifu mpaka chini, sehemu ile itaonekana zambarau, na hakuna fundi atakayeweza kuiondoa kwa sababu haimo kwenye rangi. Dawa yake ni kuweka buluu iliyokolea chini, ambayo haionyeshi uwekundu ule, au kutandika mkeka mrefu wa ukili katikati ya korido. Mkeka unafaa kwa vyote viwili: unaukata uwekundu, na ule unjano wake wa asili unaipa buluu joto.

Hiyo ndiyo sababu moja ya kugawa ukuta. Sisi tunapendelea buluu tatu za familia moja: nyepesi kabisa kwenye dari, nyepesi hiyohiyo au iliyozidi kidogo kwenye ukuta wa juu, na iliyokolea, ya nili, kuanzia mita moja kwenda chini. Ukikoleza ukuta wote wa korido ya mita moja na nusu utakuwa umejenga pango. Ukiacha wote mwepesi, mikono ya watoto, ndoo za maji na miguu ya viti vitauandika ndani ya mwezi. Wengine hukoleza ukuta wa mwisho tu, ule wenye mlango wa uani, ili korido ionekane fupi. Hilo linafaa pale tu mlango wa uani unapokuwa na kioo au nondo zinazopitisha mwanga. Kama ni mbao tupu, ukuta ule utakuwa shimo.

Sasa hesabu, kwa korido ya mita 9, kimo mita 2.7, milango sita ya vyumba. Kuta mbili zina mita za mraba 48.6. Kila mlango wa sentimita 90 kwa mita 2.1 unaondoa 1.89, na sita zinaondoa 11.3, zinabaki 37.3. Sehemu ya chini, ukiacha milango, ina urefu wa mita 12.6, kwa hiyo kwenye kimo cha mita moja ni mita za mraba 12.6. Juu zinabaki 24.7. Dari ni 13.5. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini uliopigwa praima, ile rangi ya msingi, hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, na kwenye plasta iliyoparuza hushuka hadi 7. Ukuta wa juu na dari kwa mikono miwili vitakunywa lita 7.6, yaani galoni mbili za lita 4, na kitabaki kikombe cha viraka.

Buluu ya chini ihesabie mikono mitatu. Rangi iliyokolea huchanganywa kwenye msingi wenye weupe mdogo, na ule weupe ndio unaofunika ukuta. Mikono miwili itaacha mawingu. Mikono mitatu kwa mita 12.6 ni lita 3.8, galoni moja inatosha kwa shida. Lakini kwanza pima usukani wa baiskeli. Nyumba nyingi za Tanga baiskeli hulala koridoni, na usukani hukwangua ukuta palepale kila usiku. Ukiwa juu ya mita moja, pandisha mstari hadi mita 1.15 na uongeze kopo la lita moja. Ukibaki na galoni moja kwa kubana matumizi, fundi ataizidishia maji mkono wa tatu ili ifike mwisho.

Hayo maji ndiyo yanayoharibu buluu kuliko kitu kingine chochote mkononi mwa fundi. Mkono wa kwanza unaruhusu sehemu moja ya maji kwa kumi za rangi, lita 0.4 kwa galoni. Inayofuata iwe nzito kuliko huo, au bila maji kabisa. Rangi iliyozidishiwa maji inapoteza kile kinachoishikilia ukutani, inabaki unga. Kwenye ukuta mweupe huo unga hauonekani. Kwenye nili, kanzu ya Ijumaa inatoka nyumbani ikiwa na bega la buluu, na korido ya mita moja na nusu haina namna ya kupishana bila kugusa ukuta. Kipimo ni rahisi: siku tatu baada ya kazi, pitisha kitambaa cheupe kikavu ukutani. Kikitoka na buluu ya wazi, rangi ilizidishiwa maji au ukuta haukupigwa praima.

Kabla ya yote hayo, lakini, ukuta wenyewe. Pwani yetu ina chumvi kwenye upepo, kwenye mchanga, na mara nyingine kwenye maji yaliyofyatulia tofali. Chumvi inasafiri na unyevu hadi uso wa ukuta, maji yanakauka, chumvi inabaki na kuisukuma rangi nje. Utaiona kama manyoya meupe laini, kwa kawaida chini ya kimo cha mita moja, pale hasa unapotaka kuweka buluu iliyokolea. Juu ya nili, manyoya hayo ni kama unga wa muhogo uliomwagika. Usiyaoshe kwa maji. Ukiyaosha unayeyusha chumvi na kuirudisha ndani, nayo itatoka tena wiki ijayo. Yasugue kwa brashi kavu, uyakinge kwa gazeti, uyatupe nje, urudie kila siku chache mpaka yakome.

Yasipokoma, plasta imeshiba. Ibomoe hadi sentimita 30 juu ya mstari wa chumvi, uache ukuta uchi upumue, na miezi ya Januari na Februari ndiyo mizuri kwa hilo. Plasta mpya itumie mchanga wa mto, kamwe usiwe wa ufukweni. Kwenye ukuta wa tofali za saruji, sehemu moja ya saruji kwa tano za mchanga inatosha. Kwenye nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, usitie saruji. Saruji inaziba, unyevu unakosa njia ya kutokea, unapanda juu zaidi na kutokeza pale ambapo plasta ya zamani bado nzima. Rudishia chokaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga.

Plasta mpya ya saruji ikae siku 28 angalau. Wakati wa masika ongeza wiki mbili. Saruji mbichi ina ukali unaounguza rangi, na kwenye buluu unaonekana kama mabaka yaliyopauka yanayofuata mstari wa mwiko. Ukitaka uhakika, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 kwa tepu pande zote nne, ukikague kesho yake. Ukikuta matone ndani, subiri. Ukikuta pakavu, piga msasa, futa vumbi, paka praima inayohimili ukali wa saruji, na kwa sehemu ya chini mwambie muuza rangi aitie praima hiyo tone la buluu. Inaokoa karibu mkono mzima.

Upande wa uani, karibu na bafu, kuna madoa meusi ya ukungu. Kuyapaka rangi juu ni kuyaficha kwa wiki chache. Changanya sehemu moja ya jiki na tatu za maji, paka, acha dakika 20, suuza, acha ukuta ukauke siku mbili milango ikiwa wazi. Jiki usiichanganye na dawa nyingine ya chooni, hewa yake inadhuru mapafu.

Na tafadhali, rangi ya mafuta isiwekwe kwenye ukuta wa chini kwa sababu tu inaoshika. Kwenye ukuta wenye unyevu inajifunga kama nailoni, maji yanasukuma kutoka nyuma, na baada ya masika moja unapata malengelenge ya ukubwa wa shilingi mia. Ya maji yenye mng'ao mdogo, ile inayoitwa silki, inaoshika vya kutosha na inaacha ukuta upumue. Mafuta yabaki kwenye fremu na milango.

Mpangilio wa kazi ni dari, kisha ukuta wa juu, kisha chini, mwisho fremu. Mstari wa kugawa usiupime kutoka sakafuni. Sakafu ya korido huinamishwa kuelekea uani ili maji ya kudekia yatoke, na kwenye mita tisa tofauti inaweza kufika sentimita nne au tano. Mstari ukifuata sakafu utaonekana umepinda kila unapokutana na fremu, maana fremu zilisimamishwa kwa pima maji. Tumia mpira wa maji, ule mrija angavu ambao maji husimama kimo kimoja kwenye ncha zote mbili: jaza, ondoa mapovu yote, weka alama kila baada ya fremu, kisha piga uzi wa chaki. Acha rangi ya juu ikae saa 24 kabla ya kubandika tepu ya karatasi, masika saa 48. Ukishaibandika, pitisha kwanza rangi ya juu kwenye ukingo wa tepu, ile nyepesi. Itaziba mianya, na kama kuna kitakachopenya basi ni rangi ileile iliyopo. Nili ipakwe juu ya hapo. Tepu ivuliwe mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi, ukiikunja kurudi nyuma polepole. Ikilala usiku kucha kwenye joto letu, itaondoka na ngozi ya ukuta.

Galoni zikiwa zaidi ya moja, zichanganye zote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, hata kama zilitoka mashine moja siku moja. Tofauti ndogo ambayo jicho halioni kwenye kopo, ukutani inasimama kama mpaka wa shamba. Upepo wa kaskazi unaopita korido kama bomba unakausha rangi kabla rola haijarudi, na mistari ya rola inabaki. Funga mlango mmoja. Bahati nzuri, korido ya nyumba zetu imekatwakatwa na milango: paka kipande kizima kutoka fremu hadi fremu bila kusimama, pumzika kwenye fremu, kisha anza kingine. Usisimame katikati ya ukuta hata kwa simu. Na nili ikishakauka usirudi kuweka kiraka kwa brashi. Kiraka kitang'aa tofauti milele. Rudia kipande chote kutoka fremu hadi fremu.

Kuna njia ya zamani ambayo kwa ukuta wa mawe bado tunaiona bora: chokaa yenye buluu ya kufulia. Loweka kilo 5 za chokaa kwenye lita 10 za maji, ilale usiku mmoja, ichuje kwa kitambaa. Buluu iyeyushe pembeni kwenye maji na kuichuja pia, kwani punje moja isiyoyeyuka itaacha mchirizi wa mita nzima chini ya brashi. Anza na kijiko kimoja cha chakula, paka jiwe, liache likauke juani, kisha ndipo uongeze. Chokaa ikiwa bado na maji inaonekana imekolea sana na ikikauka inapauka mno, hivyo usiihukumu ndani ya ndoo. Chagua buluu ya unga au ya vidonge. Nyingi za maji ya chupa ni rangi za nguo, na chokaa huzifuta. Hata ya unga ijaribu usiku mmoja kwenye kikombe cha chokaa, kwa kuwa zipo aina za buluu ambazo chokaa huzigeuza hudhurungi. Lowesha ukuta kidogo, paka mikono mitatu myembamba. Wapo wanaotia chumvi ya jikoni ili ishike. Kwa Tanga hapana, chumvi inaita unyevu nasi tunao wa kutosha. Ukuta huu utaacha unga kidogo kwenye nguo, kwa hiyo unafaa sehemu ya juu au korido isiyo na msongamano.

Milango ya mninga iache na rangi yake, isafishwe na kupakwa vanishi. Ule uhudhurungi mwekundu ndio unaoamsha buluu. Milango iliyokwisha kupakwa, ipake nyeupe ya maziwa. Kioo kitundikwe kwenye ukuta wa pembeni, hatua mbili ndani ya mlango wa mbele, kiushike mwanga wa nje na kuurushia ukuta wa mkabala. Kikiwekwa mwisho wa korido kikitazama mlango, kinampiga mgeni jua la machoni.

Kabla fundi hajaondoka, mwambie aandike namba ya mchanganyiko wa kila buluu kwenye tepu na kuibandika ndani ya boksi la mita ya umeme. Masalio yatie kwenye chupa ya kioo iliyojaa hadi shingoni. Ukuta usiuoshe kwa wiki mbili, na baiskeli ilale uani mpaka hapo.